Nguo Utakayoweza Kuinama Nayo

Hadija mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga majirani, na kwa jinsi ninavyokujua hutarudi kabla ya kunywa chai nyumba nne na kula mandazi nyumba tano. Kwa hiyo nina nafasi. Baba yako amelala, dirisha liko wazi, na cherehani nimeisogeza pembeni nipate meza ya kuandikia. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku lako, juu ya kifurushi cha kitambaa cheupe. Usikifungue njiani. Kifungue ukishafika Buyenzi kwa shangazi yako Zuhura, umeoga, umekula, na hakuna anayekuita.

Sitakuandikia habari za kuamka mapema, wala namna ya kukaa na mama mkwe, wala chumvi ya maharage. Hayo shangazi yako atakuambia mpaka masikio yakuume. Ndiyo kazi ya shangazi, na Zuhura hajawahi kufanya kazi yake nusunusu. Mimi nataka kukuandikia habari ya nguo tu. Ndiyo, ile nguo nyeupe. Wiki ijayo utakwenda kuinunua mjini Bujumbura bila mimi, na tangu jambo hili liamuliwe moyo wangu haujatulia.

Unajua kwa nini siji, lakini acha niandike, isije siku moja ukafikiri sikutaka. Harusi yako ilikuwa ifanyike hapa Biryogo, uani kwetu, na mimi nilishamwambia jirani kwamba nitaazima masufuria yake yote. Lakini tangu vita vianze kule kaskazini, harusi za mtaa huu zinakwisha jua likiwa bado juu kwa ajili ya amri ya kutotembea usiku, kila mgeni anatazama saa yake, watu wanapewa pilau kwenye mifuko wakale kwao. Na watu wa mchumba wako Ramadhani, wote wa huko Bujumbura, ni kumi na wawili. Karatasi za kusafiria zikipatikana kwa watatu ni bahati. Ikaonekana ni rahisi mmoja kwenda kuliko kumi na wawili kuja. Nikahi itafungwa kwa shangazi yako, na nyumba ya shangazi ni nyumba ya baba, hakuna aibu hapo. Ila baba yako hawezi kukaa kwenye basi mpaka Butare, sembuse mpaka Bujumbura. Na tangu mwili wake upooze upande wa kulia, hakuna mwingine anayeweza kumgeuza na kumwosha bila yeye kuona haya. Basi nimebaki. Sanduku lako liko mlangoni, wewe uko nyumba ya tatu kutoka hapa, nasikia kicheko chako, na mimi tayari nina hamu nawe.

Kwanza nikuombe radhi. Unakumbuka ile satini? Niliinunua nikakata kifua na mikono bila kukuambia, nikitaka uje uione imekwisha shikizwa. Ukaja na karatasi uliyoichana kwenye katalogi ya Wazungu, ukaitazama satini yangu, ukaitazama karatasi, ukasema polepole, "Mama, za kushonwa zinajulikana."

Nikasema, "Haya." Nikaikunja.

Wiki nzima baada ya pale nilikuwa nakujibu kama mtu anayehojiwa polisi: ndiyo, hapana, sijui. Wewe ukadhani ni uchovu wa kumuuguza baba yako. Haukuwa uchovu, mwanangu. Nilinuna. Nina miaka kumi na saba kwenye cherehani hii. Mama Odeta, yule anayekodisha nguo za harusi, hana nguo hata moja ambayo sijaipanua, sijaipunguza au sijaitoa doa la soda. Nguo nilizozishika mimi zimevaliwa na mabibi harusi wa hapa, wa Kicukiro, hata binti za wakubwa wa Kimihurura, halafu binti yangu ananiambia za kushonwa zinajulikana. Iliniuma. Lakini ulisema kweli, zinajulikana. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba niliisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako.

Maana mimi nilikuwa mbaya kuliko wewe. Bibi yako, mama yangu, alikuwa ameniwekea kitambaa chake cheupe cha pamba tangu nilipovunja ungo. Kilikuwa kizuri, kizito, kimekaa na karafuu. Alitaka kinishonewe gauni la mikono mirefu. Nikakataa. Nilikuwa nimeona nguo kwa mama mmoja wa Nyamirambo aliyekuwa na nguo tatu za kukodisha, zimetoka Ulaya. Moja ilikuwa na lulu shingoni na kiuno chembamba kama cha nyigu. Nilipoiona nikaacha kusikia mtu. Babu yako, ambaye hakuwa na haya mbele ya yeyote, alisema mbele ya wageni, "Nguo ya kuazima haisitiri matako." Watu wakacheka. Nikasema mimi siazimi, nakodi.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na nakuomba usikosee hivyo: niliichagua nguo kwa macho. Niliiona ikining'inia ukutani, nikaipenda ikiwa ukutani. Nguo ya ukutani haipumui, haili, haina nyonga. Mama yule akaniambia, "Iko mzuri sana, weye utaipata tu, bibi harusi wote wanapunguaka mbele ya siku." Nami nikaamini. Hadija, nimepanua nguo za mabibi harusi miaka kumi na saba. Sijaona aliyepungua. Wasiwasi hula mandazi. Muuzaji yeyote akikuambia utapungua, mjibu kwamba unamtafuta anayeuza nguo ya leo.

Siku yenyewe ikafika. Zipu ikapanda mpaka katikati ya mgongo ikagoma. Mmoja alinisukuma mbavu, mwingine akavuta, wa tatu akasema nitoe pumzi yote. Haikusogea. Wageni walikuwa wamefika, ngoma imeanza. Shangazi yangu akachukua sindano na uzi mweupe, akanishona humohumo, mimi nikiwa ndani, kama gunia la mahindi. Akaweka shela juu pasionekane. Akaniambia, "Sasa tembea kidogokidogo, usikae, usile, usicheke sana."

Nikatembea kidogokidogo. Watu wakapiga vigelegele. Kila mtu alisema hajawahi kuona bibi harusi kama yule, na mimi nilikuwa nasikia uzi ukilia mgongoni kila nilipovuta pumzi.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wakubwa. Magoti yake yalikuwa mabovu tangu zamani. Akishakaa chini, kumwinua ni kazi ya watu wawili. Amejipaka mafuta, amejifunga kitenge kipya. Nilipofika mbele yake aliinua mikono yote miwili. Unajua sisi tunavyosalimiana, mtu anaingia kifuani kwa mtu, shavu kwa shavu, mnashikana mpaka mmeridhika. Alikuwa ananisubiri nishuke. Wanawake wote waligeuka watuone.

Nikampa mkono.

Nilisimama pale wima kama mlingoti, nikanyoosha mkono mmoja, kama mtu anayesalimia mgeni ofisini. Mikono yake ilibaki juu kidogo. Halafu akaishusha, akaushika mkono wangu kwa yote miwili, akaupapasa, akasema, "Ntacyo, mwana wanjye. Wacha, nguo itapasuka." Hakuna neno, mwanangu. Yeye ndiye aliyenitetea. Yeye ndiye aliyejali nguo ambayo hakuitaka.

Sikuandikii hili ili ulie. Na usifikiri bibi yako alikufa kesho yake, kama kwenye hadithi. Aliishi miaka kumi mingine, akakubeba wewe mgongoni, akagombana na baba yako kuhusu kuku. Nilimkumbatia mara nyingi, sikukuu na siku za kawaida. Siku moja tulipokuwa tunachambua mchele wanawake wengi, aliwaambia, "Huyu siku ya harusi yake alinipa mkono kama bwana mkubwa wa komini anayekagua barabara." Wote tukacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikaenda jikoni nikakaa huko muda mrefu. Aliyeniuliza nilimwambia ni moshi.

Kwa hiyo najua sasa. Makumbatio mengine yote hayakulijaza lile moja. Yeye alilisamehe siku ileile, na mimi ndiye niliyebaki nalo.

Baba yako ameamka. Ameuliza kwa ule ulimi wake mzito naandika nini muda wote huo. Nimemwambia ni habari za nguo ya Hadija. Amefikiri kidogo, kisha akasema, "Mwambie achague yenye mifuko." Unamjua. Alipokuwa dereva wa lori alikuwa haamini kwamba nguo isiyo na mfuko ni nguo. Nimemgeuza, nimempa maji, anatazama mlango. Anadhani sioni kwamba anatazama sanduku lako.

Haya, turudi dukani.

Nenda asubuhi. Maduka yale ya mjini yana taa nyeupe, na chini ya taa kila kitambaa ni cheupe. Ibebe nguo mpaka mlangoni uione juani. Mara nyingi utakuta ina rangi ya maziwa ya jana, na muuzaji atakuambia ndiyo mtindo. Kama unaipenda rangi hiyo, sawa, lakini uwe umeiona. Kioo chao usikiamini. Huwa kimeegemezwa ukutani kwa mshazari, na kioo kilichoegemezwa humrefusha kila mtu, hata mimi nimewahi kuwa mrefu Bujumbura.

Kisha igeuze nguo ndani nje, mbele yao, bila haya. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tazama mshono wa ubavuni. Kama wameacha kitambaa upana wa kidole, nguo hiyo ni ya mtu mwema, inaweza kukufuata ukinenepa. Kama wameacha upana wa uzi, hata mimi singeweza kuisaidia. Nusa kwapani, maana nyingine zimekuja na marobota ya mitumba na zimeshaolewa mara mbili. Shika bitana. Wewe ni mtoto wa vilima, umezoea baridi yetu ya asubuhi. Kule kando ya ziwa kuna joto la kuivisha ndizi, na bitana ya nailoni itakuchemsha mpaka wanja ufike kidevuni.

Vaa viatu utakavyovaa siku ile. Usiende na kundi, kwa sababu watu watano watapenda nguo tano na wewe utarudi na ya sita. Nenda na shangazi yako, kwa sababu ni haki yake, lakini nikuambie siri: namheshimu Zuhura, ila anapenda vinavyong'aa. Ukimwachia, utaonekana kutoka ng'ambo ya ziwa. Mpe shela aichague yeye. Mwambie, "Shangazi, shela nimekuachia wewe." Atafurahi, atashughulika na shela saa nzima, na nguo utaichagua kwa amani. Na kama atanuna kidogo, mvumilie. Sisi wanawake wa nyumba hii tukinuna huwa tuna jambo tunalolipenda.

Kuhusu mtindo wa ile karatasi yako, ukiupata, uchukue. Sisemi kwa kinyongo. Mabega yale makubwa kama mito ya kulalia mimi siyaelewi, lakini bibi yako naye hakuelewa lulu zangu. Isingekuwa nguo inabana, lulu zile wala zisingekuwa na kosa. Nilikaa miaka nikiamini kosa langu lilikuwa kukataa kitambaa cha mama yangu. Sasa naona sivyo. Mtoto ana haki ya kutaka nguo yake. Kosa langu ni kwamba nilikubali kushonewa ndani ya kitu ambacho hakikuniachia nafasi ya kumfikia mtu wangu.

Sasa fungua kifurushi. Ndani utaona vipande viwili vya satini, nimevikata pembe tatu kama sambusa, pembeni nimevizungushia uzi ili visifumuke. Mpe fundi yeyote wa Buyenzi, atajua. Vinaingia chini ya kwapa, kimoja kila upande, nguo yoyote utakayonunua. Mkono ukishuka havionekani. Mkono ukiinuka, vinaufuata. Nimevitoa kwenye kifua cha lile gauni nililoanza. Usiwe na wasiwasi, hakuna atakayejua kwamba vimeshonwa na mama yako. Satini iliyobaki nimeirudisha kabatini na karafuu zake, nisiulizwe ni ya nini.

Na kabla hujatoa pesa yoyote, fanya kitu kimoja. Ukiwa umeivaa, zipu imefika juu, viatu miguuni, inama palepale dukani. Usiiname kama mtu anayeokota sindano. Inama mpaka chini, kama kuna mwanamke mwenye magoti mabovu amekaa kwenye mkeka mbele yako na ameinua mikono. Kaa hapo kidogo. Pumua. Wauzaji watatazamana, mmoja atasema, "Dada, iko nini?" Waache watazamane. Nguo ikikuruhusu, hiyo ndiyo yako, hata kama nyingine ni nzuri zaidi. Isipokuruhusu, irudishe kwenye kitundikio chake ikaendelee kuwa nzuri huko ukutani.

Nimeandika hapo juu kwamba nimebaki kwa ajili ya baba yako, na ni kweli. Lakini nikuambie na hili, kwa sababu ni barua na huwezi kuniona uso. Naogopa. Siku hizi mtu akivuka mto Akanyaru pale mpakani hajui atarudi lini, na anayebaki hajui atafuata lini. Nasema "tutaonana baada ya mwezi," nasema "mtoto wa kwanza utamzalia hapa," na baba yako anaitikia kwa kichwa, na sote wawili tunajua kwamba tunasema tu. Sijui nitakuona lini, Hadija. Ningeijua siku, ningeivumilia, hata kama ingekuwa mbali.

Kesho asubuhi kituoni patakuwa na fujo, mizigo, makondakta, askari wakitaka karatasi. Hatutaagana vizuri, najua. Nitakuwa nakuuliza kama umebeba maji ya kunywa. Ukinisikia nauliza maji, ujue nilitaka kusema haya yote.

Nimempa shangazi yako maagizo kwa simu ya posta, na mstari ulikuwa mbovu, kwa hiyo mkumbushe. Siku ya harusi, kati ya wanawake wakubwa, atandike ule mkeka mdogo wenye ukingo mwekundu. Nimeukunja kando ya sanduku lako. Ulidhani ni zawadi ya Zuhura. Ni mkeka wa bibi yako. Asikae mtu juu yake. Watauliza ni wa nani, waambiwe ni wa mama wa bibi harusi, amechelewa.

Wakikutoa chumbani, baada ya sala ya alasiri, kama walivyopanga, tembea upesi upesi, cheka, na ukiona kiti kaa. Ukifika kwenye mkeka ule, inama.

Saa hiyohiyo mimi nitakuwa nimetandika mswala wangu chini, kando ya kitanda cha baba yako, nimejifunga kitenge kipya. Tumeshakubaliana. Mimi nitainua mikono yote miwili, naye atainua ule mmoja anaouweza.

Sisi usitupe mkono, mwanangu. Shuka mpaka chini.

Mama yako